Mfalme wa Kisiwa Kisichokuwepo

Wote, 4 Februari 2024

Kwa Miriam, mtoto wa kaka yangu,

Kwanza nijulie hali yako. U mzima? Na binti yako Jerusha, bado anakujibu Kizungu ukimsemesha Kiswahili? Mwambie nyanya yake haogopi Kizungu. Anaogopa majibu ya neno moja.

Huku hatujambo. Mvua ya Novemba ilituonjesha tu, tukavuna kunde na pojo, mahindi tukayasamehe. Kawira, jirani yangu mwalimu, yule Mmeru aliyeolewa hapa mjini Wote, anakusalimu. Ananisihi niache mambo ya karatasi nikuandikie kwa simu kama watu wote. Nimemjibu kwamba simu ni ya kuuliza bei ya maziwa. Mtu ambaye masikio yake yalikufa akiwa mtoto ana haki ya kupokea barua nzima.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Krismasi uliniandikia kwamba katika nyumba ya wazee unapofanya kazi huko Australia, Waitaliano huonyeshwa kila Alhamisi filamu zao za zamani za kuchekesha. Uliandika kwa mzaha, karibu na habari za joto. Mimi nimeusoma mstari huo kuliko barua yote iliyobaki.

Habari za babu yako Muema unazijua vipande vipande, maana baba yako Rufus hakupenda kuzisimulia, na sasa hayupo wa kumuuliza. Mapadre walimpeleka Roma mwaka 1959 akajifunze kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeugua uti wa mgongo nikabaki kiziwi. Rufus alikuwa mtoto mdogo. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Mwaka 1963 padre alifika nyumbani akasema Muema amekufa kwa ugonjwa wa mapafu na amezikwa hukohuko. Akaongeza, kama mtu anayetaja aibu, kwamba mwishoni marehemu alikuwa ameacha kiwanda, akawa anaigiza sinema. Mama alisema neno moja juu ya hayo, na akalisema mpaka alipokufa: Muema alitusahau zamani, alisahau hata namna ya kutuita.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba parokia itabariki msalaba wake. Tutausimika kando ya mama, ingawa chini yake hakutakuwa na mtu. Nataka siku hiyo watu wamwone. Zaidi ya hao, nataka nimwone mimi. Picha tuliyo nayo ni moja na amefunga mdomo. Utamtambua kwa meno. Alichongwa meno ya mbele ya juu yakawa na ncha, kama vijana wengi wa Kikamba wa wakati wake waliotaka kupendeza. Mama alikuwa akisema aliolewa na meno yale, mwanamume alifuata baadaye.

Waulize hao wazee wako. Nasubiri.

Shangazi yako,
Mutanu

*

Mount Druitt, 17 Machi 2024

Shangazi Mutanu,

Shikamoo, na pole kwa mahindi. Sisi tu wazima. Jerusha nimemsomea maneno yako akasema, “Tell her hi.” Nakufikishia salamu hizo kama zilivyo. Joto limeanza kupungua. Wikendi treni hazitembei kwa sababu ya ukarabati, kwa hiyo naenda kazini St Marys kwa basi linalozunguka kila mtaa kama linasalimia.

Nimeuliza. Pale kwetu kuna mama anaitwa Ersilia, amepita miaka tisini, mtu wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Wengine wakitazama filamu wanacheka. Yeye anakosoa. Kumbe ujana wake alifanya kazi Roma katika chumba cha kutia sauti. Anasema filamu zao nyingi za miaka hiyo zilipigwa bila kujali sauti. Mwigizaji anafungua mdomo na kusema chochote kinachomjia, wengine wanahesabu tu moja mbili tatu. Baadaye watu wengine wanaingia chumbani, wanatazama picha, wanatia maneno. Wakati mwingine hata nyota mwenyewe unayemwona si yeye unayemsikia.

Nilimuuliza Waafrika walipatikana wapi. “Wherever we found one, darling,” alisema, yaani popote walipomkuta mmoja. Mwanafunzi, baharia, mseminari aliyechoka kusali, Msomali, Mhabeshi, askari wa Kimarekani aliyebaki baada ya vita. Mradi mtu awe mweusi, basi alitosha kuwa mweusi yeyote: leo mpiga tarumbeta wa New York, kesho bawabu, keshokutwa mtumwa wa Farao. Alidhani nimekasirika. Akaniambia kwamba hata wao wa kusini hawakusalimika. Mtu wa Calabria kwenye filamu zile lazima awe na wivu na kisu, wa Sicilia lazima awe na masharubu na dada wa kulindwa, na wote walisemewa na watu wa Roma waliojifunza lafudhi hiyo kwa kubahatisha. Alisema hayo akichovya biskuti kwenye chai.

Mwanawe alituletea diski alizo nazo nyumbani. Tunazitazama kila Alhamisi, mimi na Iteka, Mrundi ninayefanya naye zamu, aliyekulia kambini Kigoma. Ndiye aliyemwona kwanza. “Dada, simamisha!” alipiga kelele. “Ule monsieur wa mlangoni, si meno ni zile ulisema?” Ni yeye, shangazi. Amevaa koti la vifungo vya dhahabu, anamfungulia mlango mwanamke mwenye mbwa, anatabasamu, basi. Filamu ya mwaka uliofuata yumo tena, askari wa Kimarekani anayecheza dansi nyuma ya watu. Hasemi kitu popote. Ni sekunde chache, ndiyo maana sijakutumia.

Mwanawe Ersilia ameahidi kutafuta nyingine.

Wako,
Miriam

*

Wote, 21 Aprili 2024

Miriam mwanangu,

Sasa mvua imekuja, na imekuja kwa hasira. Daraja la chini limezama, barua yako ilizunguka Machakos kabla ya kunifikia. Kawira amenunua televisheni kubwa kuliko mlango wake. Waliiingiza kupitia dirishani.

Bawabu! Nilikwenda na habari hiyo kwenye chama cha akina mama wa parokia, nikawaandikia kwenye karatasi yangu, ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaandika chini yake: wa hoteli gani? Watu hawa hawatosheki. Mimi nilifurahi, Miriam. Nilikaa na furaha hiyo siku nzima bila kumgawia mtu.

Lakini bawabu hasemi. Nitafutie pahali anaposema. Nataka kumwona babangu akizungumza. Na usiniulize kiziwi ana shughuli gani na mazungumzo, maana nitakuja huko Australia nikuchape.

Usishangae mwandiko. Nimebadilisha kalamu.

Mutanu

*

Mount Druitt, 7 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ni majira ya baridi, wafanyakazi wanaugua, zamu zinaongezwa. Ersilia alianguka bafuni, akalazwa, amerudi na mkongojo na hasira. Jerusha ameingia timu ya netiboli ya shule. Tulipata mboga za kunde zilizogandishwa kwenye duka la Mkongo hapa Mount Druitt, si mbaya, ingawa wewe ungezitema.

Filamu ya tatu imepatikana, lakini haifai. Picha ni mbovu. Nafikiri kwa siku ya msalaba tutumie ile ya bawabu. Kawira anaweza kuchukua picha moja pale anapotabasamu, ikakuzwa, ikawekwa kwenye fremu. Itapendeza.

Kuhusu kalamu yako. Zamani ukurasa wako ulijaa mpaka pembeni. Safari hii kila ukurasa ulikuwa na mistari sita tu, mingine inapanda mlima. Kalamu gani hiyo?

Miriam

*

Wote, 4 Agosti 2024

Miriam,

Hatujambo wote, kunde zimekauka vizuri, Kawira anakusalimu. Nimefupisha salamu kwa sababu mistari yangu ni michache.

“Haifai” ni neno la mtu aliyeona. Asiyeona husema “sijui.” Nilifundisha wasichana viziwi kushona kwa miaka mingi, na msichana aliyekata kitambaa vibaya alikuwa akinionyesha upande mwingine wa nguo, kama wewe unavyonionyesha bawabu.

Tufanye hivi. Nikuambie langu, nawe uniambie lako.

Si kalamu. Ni presha ya macho. Daktari anasema imenila pembeni kote, na kilicholiwa hakirudi. Naona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa ninatia. Hakuniambia ni lini litaziba, na mimi sikumuuliza.

Bila masikio niliishi vizuri tu. Nilisoma midomo ya watu, wakati mwingine nikajua zaidi ya walichotaka nijue. Bila macho sijui nitazungumza na nani, na vipi. Naogopa, Miriam. Sijamwambia mtu hapa.

Kwa hiyo usinichagulie. Tuma hiyo isiyofaa.

Mutanu

*

Mount Druitt, 25 Agosti 2024

Shangazi,

Barua yako ilinikuta jikoni nikaisoma nimesimama. Flashi yenye filamu hiyo imeondoka leo kwa kampuni ya vifurushi, itatangulia barua hii au zitafika pamoja. Kama imetangulia na umeshaitazama, basi hasira yako naistahili.

Hiki ndicho nilichokuwa nakificha. Muuza friji kutoka Milano meli yake inazama, anaogelea mpaka kisiwa ambacho hakipo kwenye ramani yoyote. Wenyeji wanamkamata. Wenyeji wenyewe ni Waitaliano waliopakwa rangi nyeusi, unaona mahali ambapo jasho limeifuta. Mweusi wa kweli ni mmoja tu, mfalme wao, naye ni babu. Amevishwa manyoya ya kuku kichwani na mfupa shingoni. Kuna sufuria kubwa juu ya moto. Umeelewa wanataka kumfanya nini muuza friji.

Ersilia anaikumbuka siku walipomchagua. Walikuwa na Waafrika wengine, lakini meno yake yaliwamaliza. Kwenye filamu kamera inamsogelea mpaka meno yanajaza kioo kizima. Hapo wazee wetu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilikuwa nagawa biskuti. Niliendelea kugawa.

Sauti si yake. Ni ya bwana mmoja mnene wa Roma aliyewasemea Waafrika wote, Waturuki wote, na mara moja kasuku. Ersilia alikuwa akimpelekea kahawa. Anamfanya babu aseme kama mtoto mpumbavu: mimi njaa, wewe nono. Najua sauti hiyo haikuhusu, nakuambia tu ujue kwamba maneno yale si yake.

Lakini kilichonishinda kabisa ni mdomo wake. Anaupanua, anauzungusha, anatamka kila kitu polepole mno, kana kwamba anayemsikiliza ana kasoro ya akili. Wale waliopakwa rangi hawafanyi hivyo. Nilimuuliza Ersilia kama aliamriwa, akasema hapana, walimwambia aseme lolote la kwao, mradi aseme kwa muda mrefu. Kwa hiyo nikaona ni yeye mwenyewe aliyeamua kujifanya kichekesho. Niliona aibu kwa ajili yake, shangazi, na nikaona aibu mbele ya Iteka, ambaye aligeukia dirishani ili nisijue kwamba ameona.

Nilimweleza Jerusha kwa nini sitaki kuituma. “It’s her dad, Mum,” alisema. “She gets to decide.” Yaani uamuzi ni wako. Halafu akarudi kwenye simu yake.

Nakusihi jambo moja. Usiionyeshe kanisani. Itazame peke yako kwanza.

Kuhusu macho, nimejaribu kuandika kitu mara kadhaa nimeshindwa. Nimeomba likizo ya Desemba. Nitakuja.

Miriam

*

Wote, 6 Oktoba 2024

Miriam mwanangu,

Uje Desemba, na uje na Jerusha. Msalaba umesimikwa, umeinama kidogo upande wa mama, fundi anasema ni udongo. Macho ni yaleyale. Barua hii naandika kwa vipande, nikichoka naacha, kwa hiyo usinisahihishe.

Flashi ilitangulia, barua yako ikafuata siku ya pili. Kawira alitaka kufungua flashi palepale, nikasubiri barua. Nilitaka kujua kwanza unaogopa nini. Nilipoisoma nilifika kwenye mdomo, nikasimama hapo, nikairudia, nikamwambia Kawira afunge mlango na awashe televisheni.

Nilivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Manyoya sikuyaona. Mfupa sikuuona, wala sufuria. Jicho langu siku hizi lina nafasi ya uso mmoja tu, na hao Waitaliano walinisaidia, wakaleta kamera karibu.

Nikwambie kitu ambacho baba yako hakukijua kwa sababu alikuwa mdogo. Nilipopona uti wa mgongo, watu wa nyumbani walinipigia kelele, wakidhani nitasikia. Mama alilia. Baba peke yake ndiye aliyechuchumaa mbele yangu, jioni baada ya jioni, akaupanua mdomo, akauzungusha, akatamka polepole mpaka nikaanza kumsoma. Majirani walimcheka, wakasema Muema amekuwa chizi, anamtafunia mtoto hewa. Hakuacha mpaka siku aliyosafiri. Shule ya viziwi niliingia baadaye sana, nikakuta ninachofundishwa nimeshakijua.

Yule unayemwona anajifanya kichekesho, Miriam, anazungumza na mimi.

Anasema Kikamba. Nusu nimeipata na nusu imenipita, midomo haitoi kila kitu, na Kawira alirudisha nyuma mpaka akasema kidole kinamuuma. Anasema: manyoya haya yananiwasha. Anasema: nimesimama juani tangu asubuhi na hawajanipa hata maji. Anasema: huyu mnene wanataka nimle, na mwenyewe ananuka vitunguu, hata fisi wa Kibwezi angemkataa. Kisha anauliza kama mbuzi wamezaa, anaulizia mguu wa shangazi yake, na jina la mama lipo, nimeliona mara mbili. Alijua watamtia sauti ya mtu mwingine. Alikuwa ameshaigiza filamu nyingine, alijua kazi yao. Akaona kwamba mdomo wake hakuna wa kuusoma isipokuwa mtu mmoja duniani, akautumia. Ningetoa chochote mama angekuwa hai siku hiyo nimwambie. Nililia, Kawira akalia kwa kunitazama, ingawa hakujua bado ninalia nini.

Ulinisihi nisiionyeshe kanisani. Nimeionyesha. Televisheni ilitolewa tena kupitia dirishani. Nilimwambia Kawira azime sauti kabisa, bwana mnene wa Roma akae kimya kwa mara moja, na nikasimama kando ya kioo, karibu kabisa.

Unajua sisemi mbele za watu. Tangu usichana naandika kwenye karatasi, kwa sababu niliambiwa sauti yangu inakwaruza, na mimi siwezi kuisikia ili niirekebishe. Siku hiyo nilisema. Baba alipofungua mdomo nilifungua wangu, kwa Kikamba, neno kwa neno, yale niliyoyapata, na pale nisipopata nikanyamaza. Kawira anasema mwanzoni watu walikuwa wakitazama manyoya wasijue waweke wapi macho. Tulipofika kwenye vitunguu wakaanza kucheka. Nilihisi mtikisiko wa mabenchi chini ya miguu yangu. Padre alivua miwani akaifuta. Wazee wawili walisema meno yale ni kazi safi, siku hizi hakuna anayeweza.

Mwisho kabisa, kabla muuza friji hajatoroka, baba anawapa mgongo wote na kutazama moja kwa moja kwenye kamera. Anasema maneno mawili. La kwanza ni jina langu, na hilo siwezi kulikosea, ndilo neno nililosomeshwa kabla ya mengine yote. La pili ni swali: unaniona?

Hilo sikuwasemea watu. Nilimjibu.

Shangazi yako,
Mutanu binti Muema